Kulinyanyua Gari la Mume Wangu

Fundi wa Omurushaka aliingia chini ya gari, akatoka na vumbi kwenye kope, akaniuliza kama nina hakika na ninachokitaka. Nikamwambia sikuja kuulizwa maswali, nimekuja kunyanyuliwa gari. Alikuwa mtu mpole mwenye mvi, hakustahili kujibiwa vile, lakini miezi ile nilikuwa namjibu hivyo kila mtu, tangu wanafunzi wangu mpaka mchungaji. Akafuta mikono kwenye suruali, akachungulia dirishani alikokaa mume wangu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ya msibani, "Na mwenyewe anasemaje?"

Mwenyewe alikuwa hasemi. Kiharusi kilimpata mvua za masika zilipoanza, akiwa kazini Kaisho, kikamchukulia upande wote wa kulia pamoja na maneno yake. Alibakiwa na neno moja tu, "kumbe". Akiwa na njaa, kumbe. Akiumwa bega, kumbe. Ukimuuliza kama anataka chai anatikisa kichwa kukubali, ukimletea anaisukuma na kusema kumbe. Fundi alipomsalimia, mume wangu alimtazama kidogo, akasema kumbe, akageuza uso. Nikamwambia fundi aendelee na kazi.

Lilikuwa gari dogo la milango minne, la kawaida kabisa ukiliona limeegeshwa, ila waliolitengeneza huko Japani walilitilia moyo wa mbio. Lilitumika kwao, likatumika tena Mwanza kwa mtu mmoja aliyechoka nalo, na mume wangu akalileta Karagwe akiwa anacheka peke yake njia nzima. Alikuwa bwana shamba wa kahawa, mtu ambaye kazi yake ni kuingia mashambani, na akanunua gari lisiloweza kupita juu ya gunzi la hindi. Kama hiyo haikutosha, akalishusha zaidi. Akalitia springi fupi, rimu pana zenye tairi nyembamba, na ekzosi ambayo mdomo wake ungeweza kupikia ugali wa watu wawili. Viti vya mbele akaving'oa, akaweka vya magari ya mashindano, vile vyenye mabega pande zote mbili, ukikaa ndani umekamatwa.

Tuligombana kwa ajili ya gari lile kuliko tulivyogombana kwa ajili ya kitu kingine chochote. Walimu wenzangu walikuwa wananicheka nikishuka shuleni, wanasema mwalimu anatoka kisimani. Nikimwambia, ananijibu kwamba gari si meza, halinyanyuliwi ili watu wakae vizuri. Alinifundisha kuliendesha kwa masharti marefu kuliko ya ndoa. Usilizime likiwa limetoka kukimbia, turbo ina moto, liache lingurume polepole lipumue. Usikanyage klachi kama unaua mende. Jumamosi alipokuwa anarudi kutoka Kaisho, nilikuwa nasikia muungurumo ule ng'ambo ya bonde na kujua nina muda wa kumenya ndizi na kuziinjika. Nilikuwa nalalamika huku namenya, lakini nilikuwa namenya.

Basi akaugua. Siku za wodini sitazieleza, kila aliyekaa kwenye mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa anazijua. Alipokaribia kuruhusiwa, mama anayesimamia mazoezi ya viungo aliniita pembeni. Aliniambia bila kuzungukazunguka kwamba miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kupambana. Mguu ule bado unaweza kukumbushwa kazi yake, lakini mgonjwa akilazwa kitandani na kuachwa, atakuwa mtu wa kitandani. Aje kila siku ya kazi. Nikamuuliza kuhusu akili, kama bado anatusikia na kutuelewa. Akasema kwa watu wa namna hii ni vigumu kujua, kichwa kinatikisika ndiyo wakati mtu anataka hapana, na wakati mwingine kinatikisika tu.

Watu wa mume wangu walikuwa na mpango wao. Kwao, kama ilivyo kwetu Muleba, mtu mzima akizidiwa halali kwenye nyumba ya kupanga kando ya barabara. Anarudishwa kwenye kibanja cha baba yake, katikati ya migomba, alikozikwa baba na alikozikwa babu. Nyumba yetu ya kupanga ilikuwa Nyakahanga, unatembea kwa miguu mpaka hospitalini. Kibanja kiko Rugera, mlimani. Mama mkwe alikuja wodini na kaka mkubwa wa mume wangu, shemeji yangu. Mama akakaa, akanishika mkono.

"Mwanangu, waitu, mlete nyumbani."

Waitu ni neno letu la kubembeleza. Nilijua "nyumbani" ni nini katika sentensi ile, na nisingeweza kusema hapana. Mwanamke wa kwetu hawezi kumzuilia mtu mzima kibanja chake halafu akaishi na kauli za watu. Nikasema nitamleta na mimi nitahamia naye, lakini kila asubuhi ninapokwenda kufundisha tutaondoka pamoja, afanye mazoezi, ashinde kwa mwalimu mwenzangu anayekaa jirani na hospitali, na jioni turudi.

"Kwa usafiri gani?" shemeji akauliza.

"Kwa gari lake."

Alicheka, na sikumlaumu. Baadaye akasema, mbele ya mama yake na mbele ya mume wangu aliyelala hapo macho wazi, "Sawa, shemeji. Lakini siku gari likishindwa, umwache apumzike." Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeeleza kupumzika maana yake nini, na mimi sikuuliza. Hivyo ndivyo mguu wa mume wangu ulivyofungwa kwenye gari ambalo mimi nilikuwa nalichukia.

Safari za kwanza nililia kila kilima. Barabara ya kupanda kwetu ni ya udongo mwekundu, mvua ikishaipitia inabaki na mifereji na mawe yenye mgongo. Gari lilikuwa linakwangua tumbo kwa sauti inayoingia kwenye meno. Na kumtoa kwenye kile kiti cha mashindano ilikuwa vita. Kiti kiko chini, mabega yake yanambana, mguu mmoja hausaidii. Nilikuwa najipinda mlangoni, nakumbatia kifua chake, namvuta, naye ananielemea na kunipumulia shingoni. Mara mbili tulianguka wote wawili kwenye maegesho ya hospitali. Watu walikuja kutusaidia wakinipa pole, na mimi nikawakaripia.

Ndipo nikaenda Omurushaka kwa yule fundi.

Tulianza na kiti. Alikifungua, akakiweka kando kwenye majani, akachomelea vyuma sakafuni na kufunga juu yake kiti kipana cha gari la familia lililokuwa limepata ajali. Kilikuwa na doa ambalo sikutaka kujua ni la nini. Tulikuwa tumemkalisha mume wangu kwenye benchi, ameegemea ukuta. Alipoona kiti chake kinatoka mlangoni alianza kulia, machozi kabisa, kumbe, kumbe, kumbe. Fundi akasimama na spana mkononi. Nilimwambia wagonjwa wa kiharusi hulia ovyo, ndivyo nilivyoelezwa hospitalini, kazi iendelee.

Baada ya kiti zikaja springi. Zile fupi zikatoka, zikaingia ndefu zilizotoka kwenye gari la mizigo midogo, na juu yake vipande vya mpira mgumu vya kuliongezea kimo. Rimu pana zikatoka, zikaingia nyembamba zenye tairi nene za matope. Chini ya injini tukafunga bamba la chuma la kupokea mawe. Ekzosi ikakatwa na kutiwa bomba la kunyamazisha, kwa sababu mama mkwe alisema mlio ule unashtua ng'ombe na mgonjwa. Mwisho kabisa kulikuwa na kibati chembamba chini ya sakafu, juu ya ekzosi. Kilikuwa kimelegea kwa kukwanguliwa, kinapiga kelele kama kijiko ndani ya bati la maziwa kila tukipita kwenye kokoto. Fundi akasema kile kinakinga joto. Nikamwambia akitoe, kelele zake zinanitia wazimu.

Lilipokamilika lilikuwa kioja. Lilisimama juu ya miguu yake mipya limeshangaa, kimya, uso wa mbio na miguu ya trekta. Vijana wa bodaboda walilizunguka wakicheka, mmoja akaliita ndege mbuni. Mimi sikucheka. Mume wangu alikuwa amelijenga gari lile kwa miaka, kila kipande kilikuwa na hadithi yake ya kutafutwa na kuagizwa, na mimi nilikuwa nimemvua vipande vile kimoja kimoja mbele ya watu, yeye ameketi kwenye benchi anatazama. Lakini lilipanda kilima cha Rugera bila kugusa chini. Nilipofika kwenye lango la kibanja nilipiga usukani kwa furaha na kumgeukia. Alikuwa anatazama nje.

Basi hayo yakawa maisha. Naamka kabla ya jogoo, namwogesha, namvalisha, namlisha uji, namkalisha garini. Naingia kumuaga mama mkwe, kwa sababu huwezi kutoka nyumbani kwa mkweo kimyakimya kama mwizi. Unaingia, unapiga magoti, unasema shikamoo, unangoja akuulize ulivyoamka, mgonjwa alivyoamka, watoto walioko shule za bweni wameamkaje, na akutakie safari. Halafu kilima, barabara, hospitali, shule, hospitali, barabara, kilima. Nilifundisha nikiwa nimesimama kwa nguvu ya chai. Niliwahi kusahihisha madaftari ya darasa zima, nikagundua nimeyawekea alama zote bila kusoma.

Na mguu haukukumbuka. Alikuwa anashika vyuma viwili vya mazoezi, mkono wa kushoto unakaza mpaka mishipa inasimama, wa kulia umefungwa kwa kitambaa ili usidondoke, na mama wa mazoezi anamwambia haya, haya, mbele. Mguu wa kulia unaburuzwa. Wiki zikapita, unaburuzwa. Mama yule alikuwa na tabia ya kuniambia "tunaendelea", na nikaanza kusikia jinsi sauti yake ilivyokuwa inapungua kila akilisema.

Siku moja jioni nilirudi nikakuta shemeji amekata migomba kadhaa karibu na kaburi la baba yao. Nilimkalisha mume wangu kwenye kiti chake uani, nikaenda kuuliza. Mama mkwe alikuja akijikongoja na fimbo yake. Walikuwa wanazungumza pale pale, hatua chache kutoka kwa mgonjwa. Mama akasema hapo pana kivuli kizuri. Shemeji akasema pana mawe, wachimbaji watahangaika, heri kusogea kidogo kushoto. Walikuwa wanapanga kwa utulivu, bila ubaya wowote, kama watu wanaochagua mahali pa kujenga banda. Tangu augue hawakuwa wanasema naye. Walikuwa wanasema juu yake, amekula, hajala, amekonda, mgeuzeni. Nikawaambia anasikia. Mama mkwe akanitazama kwa huruma ambayo ilinikera kuliko tusi.

"Mwanangu, angekuwa anasikia asingenyamaza. Huyu nimemzaa mimi. Hakuwahi kunyamaza huyu."

Hata mimi nilikuwa nimeanza kulala na wazo hilo hilo. Nilikuwa namwosha na kumvalisha na kujiuliza kama namvalisha mtu. Nilikuwa nikimtazama machoni, naona macho mazuri, ya kwake, na sijui kama kuna aliyekuwa ndani akinitazama. Ni jambo baya sana kukaa nalo. Ukilia mtu anakwambia Mungu yupo.

Kuna asubuhi gari lilipanda juu ya jiwe, tairi moja hewani, pamoja na urefu wote ule niliolipatia. Nilishuka, nikasukuma, nikaweka mawe, nikarudi nikawasha, likaguna tu. Saa ya mazoezi ilikuwa inapita. Nikakaa nyuma ya usukani mikono imejaa udongo, nikamgeukia nikamwambia yote. Nimechoka. Sijui nabeba nini kila siku kwenye kilima hiki. Nimeharibu gari lako, nimeharibu kazi yangu, mgongo wangu umekwisha. Kama umeshakwenda, nenda basi, uniache nikulaze kwa mama yako watu wapumzike. Alinisikiliza, au alinielekezea uso, na nilipomaliza akasema kumbe. Wapita njia wakatusukuma, tukaenda.

Kikaja kiangazi. Kiangazi kwetu ni kahawa. Uani kwa mama mkwe kulitandikwa mikeka na maturubai, kahawa nyekundu ikaanikwa, na yeye akakaa kwenye kigoda akiigeuzageuza kwa mkono mchana kutwa. Gari langu lilikuwa linatimua vumbi kila likiingia na kutoka, na vumbi lilikuwa linaishia kwenye kahawa yake. Alilalamika kwa upole, halafu akalalamika bila upole. Shemeji akapata dawa yake. Mkulima wa ndizi anajua jambo moja la kufanya na ardhi iliyo wazi, anaifunika. Alikwenda kibanjani, akakusanya majani makavu ya migomba na nyasi kavu, akayatandaza kuanzia langoni mpaka pale ninapogeuzia gari, tandiko zito ukilikanyaga linazama. Vumbi likaisha. Lilikuwa jambo la kwanza alilonifanyia tangu tuhamie pale, na nilimshukuru kwa moyo wote. Hata mimi nilizaliwa kwenye migomba, na halikunijia wazo lolote.

Asubuhi ile mama mkwe aliniomba nimpelekee magunia ya kahawa kavu barabarani, juu zaidi mlimani, chama cha ushirika kilikuwa kinapokea. Mume wangu alikuwa ameshakaa garini, nikaenda naye. Nilipanda kilima kwa gia ya kwanza gari limejaa, injini inalia, nikashusha magunia, nikarudi. Nilisimama pale pale juu ya tandiko, pua ya gari ikiwa imeelekea langoni, mkia umeelekea uani ambako ardhi inateremka. Gari lilikuwa limetoka kufanya kazi ngumu, nikafanya nilivyofundishwa. Nilivuta handibreki, nikatoa gia, nikaliacha lingurume lipumue. Nikafungua kioo cha upande wake apate hewa. Nikaingia ndani kumuaga mama.

Nilikuwa bado nimepiga magoti. Ameshauliza mgonjwa, anauliza watoto. Nikasikia harufu ya moshi nikadhani ni jikoni. Kisha shemeji akapiga kelele nje, si neno, kelele tu.

Nilipotoka, moshi ulikuwa unachomoza pande zote mbili za gari, mweupe mzito, na chini yake moto ulikuwa unatambaa kwenye majani bila haraka. Ndipo nikakiona kile kibati cha kukinga joto kichwani mwangu, kilivyokuwa mkononi mwa fundi. Nilikimbia. Moto ulikuwa umeshazunguka pande zote mbili, joto likanirudisha nyuma. Nikamwita. Mlango wake uko kushoto, upande wa mkono wake mzima, na nilikuwa nimemwona akiufungua mwenyewe zaidi ya mara moja hospitalini. Fungua mlango, nikamwambia, fungua ujiangushe nje, nitakushika. Shemeji naye alikuwa anamwambia hivyo hivyo kwa Kinyambo.

Hakutazama mlango. Aliupa mgongo. Nilimwona kupitia kioo cha mbele akijipinda kuelekea katikati ya gari, bega la kushoto likija mbele, mkono ule mzima ukivuka juu ya paja lililokufa, ukitafuta. Nikafikiri moshi umemlewesha. Nikafikiri hataki kutoka, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia aende. Nilipiga ukelele ambao sikuwahi kujua ninao. Mkono wake ukaipata handibreki. Hakuishusha tu. Aliivuta kwanza juu, kama afanyavyo mtu anayeijua ile handibreki ilivyo ngumu, akabonyeza kitufe kwa kidole, akaishusha.

Gari likaanza kurudi nyuma. Polepole, kisha si polepole. Likatoka juu ya moto, likashuka mteremko, likapita juu ya mkeka wa kahawa wa mama mkwe na kuuburuza, likaingia kwenye migomba. Mgomba mmoja ukalala juu ya buti. Likasimama hapo, injini bado inanguruma, majani machache yakifuka chini ya tumbo lake. Nilichukua beseni la maji ya kuogea nikamwaga chini yake mpaka likaacha kufuka. Shemeji na majirani walikuwa wanaupiga moto wa tandiko kwa mashina mabichi ya migomba, na kwa kuwa mashina yale ni maji matupu, ulikufa.

Tulikuwa tunatazama gari, na nadhani kila mmoja alikuwa anarudia kichwani kile alichokiona, ili kuhakikisha. Mtu aliyeko motoni, mlango uko kwenye mkono wake, hakuuchagua mlango. Alijua gari liko kwenye gia huru. Alijua ardhi inateremkia wapi. Akafanya hesabu yote ile wakati mimi mwenye akili zangu nilikuwa naruka tu na kupiga kelele.

Mama mkwe aliteremka na fimbo yake akipita katikati ya kahawa iliyomwagika, hakuitazama. Akafika dirishani, akashika ukingo wa kioo kilichokuwa wazi, akainamisha kichwa.

"Mwanangu," akasema. "Waitu, mwanangu, unanisikia?"

Alimtazama mama yake. Alimtazama kwa muda, uso wote, na sura ile naijua, nimekaa nayo mezani miaka mingi. Kisha mkono wa kushoto ukashuka mlangoni, ukabonyeza, na kioo kikaanza kupanda. Mama aliondoa vidole kimoja kimoja. Kioo kikafika juu, kikafunga.

Mama mkwe akakaa chini, hapo hapo penye udongo. Nilifikiri amezimia, nikamkimbilia, akanizuia kwa mkono.

"Amekasirika," akaniambia. "Tangu lini anasikia?"

Shemeji aligeuza kichwa upande wa kaburi la baba yao, pale alipokata migomba, kisha akatazama mikono yake iliyojaa masizi.

Nilizunguka gari, nikafungua mlango wangu, nikaingia. Furaha ilikuwa imenikaba pamoja na hofu, sikuweza kuzitenganisha. Shemeji aliuondoa mgomba kwenye buti, akatusukuma mpaka kwenye ardhi ngumu, na mama mkwe, akiwa bado amekaa chini, alitupungia fimbo tuondoke, tuwahi, saa inakwenda. Tulipofika kwenye lile jiwe lililotukwamisha nilipunguza mwendo, nikamwambia mume wangu anisamehe. Hakugeuka. Nikamwambia tena, nikataja neno kwa neno yale niliyoyasema pale, ili ajue nayakumbuka. Alisogeza bega lake zima akanipa mgongo na kutazama migomba ya watu dirishani.

Kununiwa nimenuniwa sana katika ndoa yetu, na sikuwahi kuvumilia. Asubuhi ile niliendesha mpaka Nyakahanga nikinuniwa, machozi yananizuia kuona barabara, na kila nilipomwibia jicho nilikuwa naomba nimkute bado amenigeuzia mgongo.